Resori za Kilo Arobaini na Sita

Papa Birindwa alizikwa siku ya Alhamisi, na mvua ya Bukavu, ambayo haijawahi kumheshimu mtu, siku hiyo ilimheshimu: ilingoja padri amalize, ikangoja udongo urudishwe, kisha ikamwaga maji ya mwaka mzima kwa robo saa. Tulirudi nyumbani kwake Panzi tumelowa mpaka kwenye mawazo. Sebule ilikuwa imejaa kiasi kwamba mtu akipiga chafya mlangoni, aliye dirishani ndiye anayefuta pua. Wanawake mikekani, wanaume kwenye mabenchi ya kuazimwa parokiani, sahani za maharage zikipita juu ya vichwa. Na katikati ya msongamano huo, kwenye kona yenye mwanga, kulikuwa na kiti kimoja kitupu. Ni kiti cha magurudumu nilichomtengenezea mimi mwenyewe, mwaka wake wa mwisho, miguu ilipomkataa. Chini ya kikalio chake kuna resori mbili, springi moja laini imekaa juu ya nyingine ngumu. Mgeni mmoja aliyetoka Lwiro, amechoka na safari, alikishika akitaka kukivuta akae. Mama mmoja wa mtaa akamgusa mkono. "Ile hapana, papa," akamwambia taratibu. "Ile ni ya mwenyewe."

Ya mwenyewe. Tonge langu la bugali lilibaki hewani, kati ya sahani na mdomo, kwa muda ambao jirani yangu aliuona kuwa ni upotevu. Kwa maana neno hilo mjini kwetu ni geni. Bukavu hakuna kitu cha mwenyewe. Teksi ya watu watano inabeba tisa na kuku. Moto, yaani pikipiki, inayosema imeundwa kwa wawili inabeba baba, mama, mtoto, godoro, na mtu wa kushika godoro. Aliyetufundisha, mimi na Papa Birindwa, kutengeneza kitu cha mtu mmoja alikuwa muzee wa Luvungi, na alitufundisha kwa kuanguka. Habari za ukoo wangu nitaziruka. Walinizaa vizuri, matokeo mnayaona. Nitasimulia mwaka mmoja tu, mwaka wa kwadi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mchana nilikuwa fundi wa magari katika atelie ya Papa Birindwa, fundi mwanamke peke yangu kutoka Panzi mpaka mwisho wa dunia. Jioni nilikuwa mwanafunzi wa masomo ya jioni, darasa moja na wauza mafuta, polisi wawili na mama mmoja mwenye wajukuu, sote tukiitafuta diploma ya Serikali. Niliipata, tena kwa asilimia ambayo sitaitaja ili waliosoma mchana wasione haya. Nilikuwa nimepanga chumba Nyawera, katika anexe, vyumba vilivyobandikwa nyuma ya nyumba ya Maman Riziki, muuza vitenge mwenye sauti ya kuamuru na mkono wa kutoa. Chumba chenyewe kilikuwa kipana kama kiberiti: nikitaka kugeuka kitandani nilipaswa kufungua mlango kwanza. Dirisha lilinipa nusu ya ziwa Kivu, nusu nyingine alikuwa nayo jirani. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa mbao, na upande wa pili wa mbao hizo ndipo palipokuwa na chumba cha wageni cha Maman Riziki. Yaliyosemwa kule yalinifikia kama barua. Sikuwa natega sikio. Mbao ndizo zilizokuwa zinasema.

Kwadi ilikuja mwanzoni mwa mwaka. Ilikuwa moto ya magurudumu manne, ya michezo, ya manjano kama tunda la marakuja lililoiva, aina ile ambayo watu wa mbali wanapandia vilima vya mchanga siku za mapumziko, kwa kujifurahisha tu. Aliyeituma ni mdogo wake Maman Riziki, yuko Ulaya. Aliyetumiwa ni baba yao, Muzee Kashindi wa Luvungi, mkulima wa mpunga, miaka sabini na kitu. Lori lilikuwa limemtupa miaka mitatu nyuma na kumharibu mgongo, na tangu hapo alitembea kwa fimbo mbili, hatua kumi, pumziko, hatua kumi, pumziko. Shamba lake liko ng'ambo ya vilima vya mchanga ambavyo mto Ruzizi umeviacha kule tambarare, mchanga mwepesi unaomeza baiskeli mpaka kengele. Kwa miaka hiyo mitatu jirani yake alimbeba mgongoni kwenda kuona mpunga wake. "Ananibeba sawa mufuko ya muchele," alituambia siku tuliyojuana. "Ni muzuri, simulaumu. Lakini mufuko, hakuna mutu anaiulizaka kitu." Kijana wake wa Ulaya aliona picha ya kwadi juu ya mchanga, akafikiri dawa ndiyo hii. Siku ya kwanza muzee aliipanda, akaweza mita ishirini. Kila tuta lilimpiga mgongoni kama nyundo. Ndipo Maman Riziki akawaleta wote wawili Bukavu, baba na kwadi, akatuwekea sharti mbele ya atelie nzima, mkono kiunoni. Turekebishe resori, baba yake afike shambani peke yake kabla mpunga haujavunwa. Akishindwa, nyumba ya Luvungi inafungwa, na muzee anahamia Nyawera moja kwa moja, akae dirishani aangalie ziwa. "Ziwa nilishaiona," muzee akajibu. "Iko maji."

Atelie ya Papa Birindwa ilikuwa na bati juu na matope chini, na katikati lori lililokufa zamani, ambalo boneti yake ndiyo ilikuwa meza yetu. Mkewe, Maman Furaha, alipika hapohapo uani, kwa sababu, alisema, mafundi wakila mbali wanarudi na akili za watu wengine. Saa sita sufuria ilifunguliwa: sombe ya majani ya muhogo, sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwa, siku za bahati mashanza kutoka Kabare, maziwa yale mazito ya kukatika kwa kijiko, na bugali ngumu ya kuweza kuziba tangi. Papa Birindwa alikuwa mfupi, mpana, na kofia ya sufi kichwani hata jua likiwaka, na alijulikana mpaka Shabunda kwa jambo moja, kukaza. Gari lililokuwa linaelekea machimboni lilipita kwake kwanza, naye aliongeza bapa za chuma kwenye resori mpaka gari likasimama juujuu kama mtu aliyekanyaga mwiba. "Gari ni tumbo," alisema. "Hauwezi kujua watailisha nini. Kaza." Kwake kuboresha na kukaza lilikuwa neno moja, na kwa mawe ya barabara zetu na jinsi tunavyopakia, nani angembishia? Basi kwadi nayo tukaikaza. Tukatoa resori zake tatu, mbili za mbele na moja ya nyuma, tukatia ngumu zaidi kutoka kwenye moto kubwa zilizokufa, tukakaza nati zake za duara mpaka kle, spana yetu, ikalia. Kisha tukaijaribu kwa desturi ya mji: Papa Birindwa kwenye usukani, mimi katikati, Maman Furaha nyuma na sufuria ya maharage kwenye mapaja, tukashuka mteremko wa Panzi, ule ambao mbuzi wanaushuka wakisali rozari. Hakuna harage lililomwagika. Watu walipiga makofi. "Iko sawa kitanda ya askofu," Papa Birindwa akatangaza. Hakuna aliyeuliza kwa nini kitanda hicho kilihitaji watu watatu na sufuria ndipo kilale vizuri.

Tuliipakia kwenye lori la mchanga tukateremka Ngomo, zile kona ambazo dereva anaona matairi yake ya nyuma yakimfuata kwa kuchungulia dirishani. Luvungi kulikuwa na joto la kuivisha yai mfukoni. Nyumbani kwa muzee tulilishwa kwanza, chumba kidogo chenye magunia matupu yamekunjwa vizuri kama mashuka, picha ya marehemu mkewe ukutani, na muchele mweupe wa shamba lake mwenyewe, ambao harufu yake tu ingetosha kumshibisha mtu asiye na tamaa. Mimi nilikula sahani mbili. Muzee hakula, alikuwa amevaa koti la Jumapili na kofia ya majani, na macho yake yalikuwa yameshatangulia mchangani. Ujanani alikuwa mchuuzi, alibeba bidhaa kwa moto kati ya Luvungi na Uvira, kwa hiyo mikono yake haikuhitaji kufundishwa. Tulimpandisha kutoka kwenye kichuguu cha udongo, akawasha, akaenda. Kilima cha kwanza alikipanda. Lakini kwadi haikuketi kwenye mchanga. Ilisimama juu yake kama kuku anayeogopa maji. Kwa uzito wa muzee resori hazikushuka hata unene wa kidole. Alipovuka kilele na kuanza kuteremka, pua ikachimba, mkia ukaruka, na muzee akaruka nao. Alianguka polepole, nakumbuka, kama koti linaloteleza kutoka msumarini.

Mchanga ni mwema kwa wanaoanguka. Mgongo haukuvunjika mara ya pili. Maman Riziki alipiga magoti akampangusa masikio, na hakututukana, jambo ambalo liliniogopesha kuliko matusi. "Tunaenda, papa," alisema tu. Papa Birindwa alikuwa amevua kofia yake ya sufi, anaikunja na kuikunjua. Muzee Kashindi alimtafuta jirani yake kwa macho, akafungua mikono, akangoja kubebwa. Hiyo ndiyo picha niliyorudi nayo Bukavu, ile mikono iliyofunguka yenyewe, bila hasira.

Wakamweka nyuma ya mbao zangu. Maman Riziki alimhudumia kama mfalme, na lazima niseme haki yake, kwa maana wengine wangemwona mkatili. Asubuhi chai ya maziwa na mukati, adhuhuri samaki wa ziwa, jioni kuku, na mimi upande wangu na ndizi mbili za kuchoma nikisikiliza sahani zile zikiingia zimejaa na kutoka zimejaa. "Papa, kula basi, hata kidogo." "Nimekula kwa macho." "Nikupikie nini? Wewe sema tu." "Hakuna mambo, mwanangu. Uko unanichunga muzuri." Adabu hiyo ndiyo iliyouma. Mtu anayelalamika bado anataka kitu. Muzee alikuwa anasema asante kwa mto wa kichwa, asante kwa maji, asante kwa dirisha kufunguliwa, asante kwa dirisha kufungwa. Wiki tatu zikapita hivyo, na habari kutoka tambarare zilisema mpunga umeanza kuinama.

Jumapili moja baada ya misa nilikuwa kitandani na daftari la fizikia, najiandaa kwa mtihani wa mwalimu wetu wa jioni, aliyekuwa amening'iniza mawe kwenye resori ubaoni: jiwe dogo, resori inashuka kidogo, jiwe kubwa, inashuka sana. Resori haina siasa, alisema, inajibu uzito inaopewa. Nyuma ya mbao Maman Riziki alikuwa anakunja nguo za baba yake. "Ile chombo ilitaka kukuua, papa," alisema. "Haikutaka kuniua," muzee akajibu. "Haikunijua. Ilikuwa inangoja mutu mwingine, munene. Ao watu watatu. Mimi nilipanda, yenyewe ikaendelea kungoja."

Daftari likaniangukia usoni. Ningependa kusema niligundua jambo hilo kwa akili yangu, na kwa kweli kwa miaka mingi nimekuwa nikisimulia hivyo, lakini leo nimetoka mazikoni, nitasema ukweli: nilipewa na muzee, kupitia ubao wenye tundu. Sisi tulikuwa tumewatengenezea kwadi Papa Birindwa, mimi, Maman Furaha na maharage. Muzee Kashindi hatukuwa tumemkalisha juu yake hata dakika moja. Isingeingia akilini kwa fundi yeyote wa Bukavu kwamba mtu atapanda chombo peke yake, bila jirani, bila gunia, bila shangazi wa kumfikisha mahali.

Kumwambia fundi mwenye miaka thelathini kazini kwamba amekosea ni kama kumkumbusha padri maneno ya Baba Yetu. Nilingoja saa sita, sambaza wako mezani. "Papa," nikasema, "ile kwadi tuliipima na nani?" "Na sisi," akajibu bila kuinua kichwa. "Na muzee?" Mkono wake ulisimama juu ya sahani. Akanitazama mimi, akalitazama lori lililokufa, akamtazama mkewe. Maman Furaha alikuwa anakwangua sufuria. "Mimi peke yangu niko mara mbili ya yule muzee," mama akasema. "Tena hapo sijahesabu maharagi." Nilidhani mumewe atanifukuza. Badala yake Papa Birindwa alinawa mikono, chakula bado nusu, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. "Miaka yote hii," alisema, kama mtu anayeongea na maji ya beseni, "nauliza gari iko na tani ngapi. Mutu, sijamuulizaka iko na kilo ngapi." Akavaa kofia yake. "Twende tumupime."

Mizani ya karibu ilikuwa ya magunia, katika depo ya muchele chini ya nyumba ya Maman Riziki. Tulimteremsha taratibu, yeye mwenyewe kwa fimbo zake, hatua kumi, pumziko, binti yake nyuma akinung'unika kwamba tunamchosha bure. Wapakuzi walimwachia nafasi kwa heshima, halafu heshima ikawashinda. "Muzee, tuandike muchele ao unga?" mmoja akauliza. "Andika muchele ya Luvungi, namba moja," akajibu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki tatu kusikia sauti yake halisi. Akasimama kwenye bamba la chuma. Papa Birindwa alitaka kumvua kofia na kumpokea fimbo. "Hapana," muzee akamzuia. "Kofia inaenda shamba. Fimbo nazo zinaenda. Mupime ile yenye itapanda." Mshale ukayumba, ukatulia. Papa Birindwa akasoma kwa sauti, kama anavyosoma kila kitu: arobaini na sita.

Hapo Maman Riziki akasogea mwenyewe akainama juu ya mshale. Baba yake huyu ujanani aliinua magunia ya kilo mia na kuyaweka begani peke yake. Binti alishawahi kutusimulia hilo, kwa majivuno, siku alipokuwa bado na ghadhabu na sisi. "Papa," alisema, "arobaini na sita?" "Na kofia," muzee akajibu. Maman Riziki akageukia ukuta wa magunia, akaweka kiganja juu ya gunia moja kama anayekagua muchele. Wapakuzi wakatafuta kazi nje. Alipogeuka alikuwa ameshajifuta kwa ncha ya kitenge. "Mara moja," akamwambia Papa Birindwa. "Mujaribu mara moja tu. Ikikataa, nisiione tena ile rangi yake."

Kazi iliyofuata ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizofanya, na nimetengeneza vitu, nisijisifu sana, ambavyo wahandisi wangelia. Resori laini haikupatikana. Katika lile lundo la vyuma la Papa Birindwa, refu kuliko kanisa, kila resori ilikuwa ya kukaza. Hakuwahi kuweka laini, aliziita resori za mapambo. Mwishowe tulizipata kwenye skuta ndogo zilizooza nyuma ya gereji moja ya Kadutu. Tukaziweka laini hizo juu ya resori ngumu za kwadi yenyewe, zile ilizokuja nazo, moja juu ya nyingine, ili ya kwanza ipokee na ya pili isimamishe, na katikati tukatia pete ya plastiki ngumu isizigonganishe. Pete tulizikata kwenye kibao cha jikoni cha Maman Furaha, bila ruhusa, na sombe ya wiki ile ilikatiwa kwenye mlango wa lori huku tukitazamwa kwa macho ambayo sitayasahau. Ndani ya amortiseri, ule mtungi mwembamba unaoizuia resori isirukeruke, tulibadilisha mafuta tukatia mazito. "Iende chini mbio, irudi polepole," Papa Birindwa alielekeza, "sawa mutu anatoka kwa misa." Halafu ndipo tukafanya lile ambalo hatukulifanya kwanza. Tukamkalisha mwenyewe juu yake, koti, kofia na fimbo, mimi nimelala matopeni na futi, tukitafuta kwadi ishuke theluthi moja ya nafasi yake ya kushuka anapokaa, ibakize mbili za kupokea mishtuko.

Ilichukua siku tatu, kwa sababu kila mzunguko wa nati ulibadilisha kitu kingine, na muzee alipaswa kukaa pale juu mchana kutwa. Maman Furaha hakuweza kuvumilia kumwona mtu amekaa tu. Akamwekea sahani ya sambaza kwenye tangi la mafuta. Muzee akaonja mmoja, akawatazama wengine, akawamaliza. Siku ya pili alikula bugali na sombe, akaomba pilipili, akawaambia wateja wetu kasoro za magari yao kutoka juu ya kwadi kama jaji. Siku ya tatu nilipima nikakuta kwadi imeshuka zaidi ya jana, bila mtu kugusa nati. Nikapima tena. Papa Birindwa akapima. Kisha akageuka akamwangalia mkewe. "Furaha," akasema, "acha kumulisha. Uko unaharibu hesabu." "Basi haribuni resori yenu ifuate mutu," Maman Furaha akajibu, na akamwongezea mashanza. Tulikaza nati nusu mzunguko. Sijawahi kukaza nati kwa furaha kama ile. Nyuma ya mbao, jioni hiyo, sahani ilitoka tupu, na Maman Riziki akabaki ameishika mlangoni muda mrefu kabla ya kuipeleka kuoshwa. Nilijua kwa sababu sikusikia hatua.

Wiki ya kuvuna tuliteremka tena Ngomo. Maman Riziki alikuja na begi la nguo za baba yake, zote, zimekunjwa, na alilishika mbele yake ili sote tulione: likirudi garini, ndiyo mwisho. Muzee alipanda kwenye kichuguu chake, akaingia kwenye kiti, na kwadi ikaketi chini yake, polepole, kama kuku anayekalia mayai. Papa Birindwa alinibana mkono mpaka nikapoteza vidole viwili kwa muda. Mkia ulibonyea, pua ikawa nyepesi, na mashine ile ya manjano ikapanda kilima kana kwamba mchanga ni maziwa. Ikafika kileleni. Ikavuka. Tulisikia injini upande wa pili, ikashuka, ikapungua, ikanyamaza.

Tukangoja. Upepo ulikuwa unaifuta alama ya magurudumu mbele ya macho yetu. Maman Riziki ndiye aliyekimbia kwanza, viatu mkononi, begi kifuani, mimi nyuma yake, Papa Birindwa nyuma yangu akimwita kila mtakatifu anayemjua na wawili aliowatunga. Tulipofika juu tulimwona. Kwadi ilikuwa imesimama kwenye ukingo wa shamba, imezimwa, na Muzee Kashindi alikuwa amekaa juu yake, fimbo zimelala mapajani, anabishana na jirani yake kuhusu ndege wanaokula mpunga. "Ulilala," alikuwa anamwambia. "Wale ndege wamenona kukupita wewe." Hakugeuka kututazama. Hatukuwa sehemu ya mazungumzo. Maman Riziki alikaa chini pale pale kileleni, miguu ndani ya mchanga, akaliweka begi pembeni yake, akaangalia. Jioni aliliacha ndani ya nyumba ya Luvungi, juu ya kitanda, zipu wazi.

Muzee aliishi huko miaka sita zaidi, na kila mavuno alipanda Bukavu kwa gari la abiria, kwadi ikimfuata kwa lori, kuja kupimwa. Tulimkalisha, tulipima, tulikaza au kulegeza, akala, akarudi kwao. Mimi niliacha magari kidogo kidogo nikawa mtengenezaji wa viti vya magurudumu na baiskeli za mikono, na anayekuja kwangu, hata awe nani, swali langu la kwanza ni lile lile, nalo linawaudhi wanaume kwa wanawake. Papa Birindwa alipougua alikataa kiti mpaka alipochoka kukataa. "Umenipima?" aliniuliza nilipokileta. Nikamwambia ndiyo, hamsini na mbili. Akaigusa kofia yake ya sufi. "Na hii?" "Na hiyo, papa." Ndipo akakubali kukaa.

Mvua ilipokatika Panzi, watu walianza kupungua. Maman Furaha alikuwa amesimama tangu alfajiri, anapokea mikono, anagawa sahani, anauliza nani hajala siku ya maziko ya mume wake mwenyewe. Alitoka jikoni akijifuta viganja, akatafuta mahali pa kukaa, na kwa uchovu tu, bila kuangalia, akaketi kwenye kile kiti. Kilishuka chini yake chote mpaka mwisho, kikagonga. Yule mama wa mtaa alitaka kusema neno, akalimeza.

"Inanikataa," Maman Furaha alisema.

"Haikukatai, maman. Haikujui tu." Nilishapiga magoti, maana kle ya nati za duara haitoki kwenye mkoba wangu hata nikienda kukomunika misani. "Mizunguko mitatu, itakuzoea. Uko na kilo ngapi?"

"Hata Birindwa hakuniulizaka ile," akasema, na sebule nzima ikacheka, kicheko cha kwanza cha siku ile, hata yule mgeni wa Lwiro ambaye hakuwa anajua anachocheka. Na yeye alicheka. Kisha nikahisi kiganja chake juu ya kichwa changu, kizito, bado kina joto la jikoni.

"Uiache, mwanangu," akaniambia. "Iendelee kumungoja."

Nikaondoa mkono kwenye nati.